Chama cha Walimu wa Kusoma Katika Kata: Mwongozo wa Kukianzisha, Kukiendesha na Kukifanya Kisikilizwe

Ukiuliza katika shule ya msingi nani kapangiwa darasa la kwanza mwaka huu, mara nyingi jina hutajwa kwa sauti ya pole. Mwalimu huyo ana watoto mia na ushee, nusu yao hawajawahi kushika penseli, na katika shule ya jirani, mwendo wa kilomita nne tu, yuko mwenzake mwenye hali ileile. Wawili hawa hukutana misibani na kwenye usimamizi wa mitihani. Namna ya kumwezesha mtoto kutofautisha "ba" na "mba" hawajaizungumza hata siku moja.

Mwongozo huu ni wa kuwakutanisha. Naandika kwa mazingira ya Tanzania Bara, ngazi ya kata, kwa kuwa huko ndiko nilikoifanyia kazi hii. Kwa walimu wa Zanzibar na Kenya vyeo vitabadilika, lakini njia ni hiyohiyo.

Nitangulize angalizo. Vyama vingi vya namna hii hufa kwa sababu vilianza na katiba, muhuri na fulana. Ninyi anzeni na watoto.

Hatua ya 1: Pimeni kabla hamjaitana

Tafuta wenzako wawili wa shule nyingine mbili. Kila mmoja apime watoto 20 wa darasa la pili shuleni kwake. Msiwachague kwa macho. Chukua rejesta ya mahudhurio, hesabu kila jina la tano, wavulana 10 na wasichana 10. Ukimwambia mwalimu wa darasa akuletee watoto, atakuletea wale wanaonyoosha mikono kila siku, na hutakuwa umepima kitu.

Karatasi ya kupimia iandikeni wenyewe kwa mkono, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Iwe na silabi nyepesi kumi (ma, ke, li, tu na kadhalika), silabi nzito kumi (mba, ndi, cha, nya, ng'o, shu, gha, mwe na kadhalika), maneno kumi, kisha kifungu cha sentensi tano kuhusu jambo analolijua mtoto: kwenda kisimani, mbuzi aliyekula daftari, mvua iliyoezua paa la jirani. Mwishoni wekeni maswali matatu ya ufahamu.

Kifungu kisitoke kwenye kitabu cha kiada. Niliwahi kumsikiliza mtoto akisoma ukurasa mzima bila kukwama, kidole kikitembea taratibu chini ya maneno. Nikafunika picha ya kuku kwa kiganja, akanyamaza. Nikaonyesha neno la mwisho la mstari, kisha la katikati. Hakulijua hata moja. Kidole kilikuwa kwenye "yai" huku mdomo ukisema "jogoo". Alikuwa ameusikia ukurasa ule mara nyingi kiasi cha kuuhifadhi kama wimbo, na kwenye daftari la mwalimu alikuwa na alama ya vema. Tangu siku ile, kabla mtoto hajasoma kifungu namwonyesha maneno mawili matatu kwa kurudi nyuma, kuanzia mwisho.

Msikilize mtoto mmoja mmoja, chini ya mti au barazani, mbali na wenzake. Andika ngazi ya juu aliyofika: hajafika silabi, silabi, maneno, sentensi, au anasoma na kuelewa. Usiandike jina. Namba, jinsia na darasa vinatosha, na baadaye mtashukuru kwamba hamkuwa na majina.

Hapo kuna mtego ambao lazima muuamue kabla ya kuanza, nao ni matamshi. Mtoto anayesema "kura" akiwa anasoma "kula" amekosea kusoma, au anatamka kama wanavyotamka nyumbani kwao? Sisi tulikubaliana kuuliza maana. Akisema ni chakula, amesoma. Tunaweka alama kwenye safu ya pembeni iitwayo "matamshi" ili mwalimu aje alifanyie kazi, lakini hatumnyimi ngazi yake. Vivyo hivyo "dhahabu" inayotoka kama "zahabu". "Thamani" na "samani" ni kesi nyingine, maana hapo maneno ni mawili na yote yapo, basi swali la maana linafanya kazi kubwa zaidi.

Kwa nini mhangaike na namba zenu wakati za taifa zipo? Mwaka 2013 ulifanyika upimaji wa kitaifa wa stadi za kusoma, ikaonekana kwamba watoto wa darasa la pili waliosoma Kiswahili kwa ufahamu wa kiwango chao walikuwa asilimia 8 tu. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaojikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Namba ile ilifanya kazi Dodoma na Dar es Salaam. Ukiisoma kwenye mkutano wa kijiji, wazee watatikisa kichwa kusikitikia watoto wa watu wengine. Sema "katika watoto 60 wa shule zetu tatu, 22 hawajafika hata neno moja", uone watu wanavyosogeza viti.

Hatua ya 2: Ombeni saa ambayo tayari ipo

Msibuni siku mpya ya mikutano. Utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, tayari unawataka walimu wakutane katika jumuiya za ujifunzaji, ndani ya shule na katika vituo vya walimu. Nendeni kwa Afisa Elimu Kata na ombi dogo: mara moja kwa mwezi, kikao cha walimu wa awali, darasa la kwanza na la pili wa kata nzima kifanyike ndani ya utaratibu huo. Yeye atakuwa na la kuandika kwenye taarifa yake, ninyi mtakuwa na ruhusa. Walimu wakuu nao hawatawaona kama watoro, na hilo si jambo dogo.

Ijumaa mchana inafaa, kwa sababu watoto wa madarasa ya chini huondoka mapema. Mahali ambapo wengi ni Waislamu, anzeni baada ya sala. Zungusheni kikao shule hadi shule. Mwalimu aliye shule ya mbali, anayelipa bodaboda shilingi elfu tatu kwenda na kurudi, asiwe ndiye anayesafiri kila mwezi.

Mkutano wa kwanza usizidi saa moja na nusu. Wekeni matokeo ya watoto 60 ukutani kwenye manila, na kila mwalimu aeleze anavyofundisha silabi moja nzito. Hakuna risala. Mgeni rasmi aalikwe mwakani.

Hatua ya 3: Jina, viongozi na karatasi

Baada ya vikao vitatu hivi mtajua nani anakuja kweli. Hapo ndipo mchague mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Katibu awe mtu mwenye mwandiko unaosomeka na anayejibu simu. Katiba ya kurasa mbili tatu inatosha: jina, lengo, nani ni mwanachama, ada, uongozi unakaa muda gani, fedha zinatokaje, na chama kikivunjika mali inakwenda wapi. Kipengele cha mwisho watu hukiruka. Msikiruke, maana ndipo ugomvi wa vitabu na spika unapozaliwa.

Kwa kuanzia, kikundi cha kijamii hutambuliwa na halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii, ambaye yupo hata ngazi ya kata. Mkipanuka mpaka mkoa au taifa mtahitaji Msajili wa Vyama, chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, au Msajili wa NGO, chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Msikimbilie huko, kwa kuwa usajili mkubwa huja na ada na taarifa za kila mwaka, na kikundi cha walimu 17 hakina katibu wa kukaa ofisini.

Mtaulizwa, tena kwa jicho la pembeni: "Hiki ni chama kingine cha kushindana na CWT?" Jibu liwe tayari. CWT, yaani Chama cha Walimu Tanzania, ni chama cha wafanyakazi, kinashughulika na mishahara, madaraja na haki za mwalimu. Chenu ni cha kitaaluma, kinashughulika na mtoto kujua kusoma. Mwanachama wa kimoja anaweza kuwa wa kingine. Siku mkijikuta mnajadili malimbikizo ya mishahara kwenye kikao cha silabi, mwenyekiti agonge meza.

Hatua ya 4: Kazi za kila mwezi

Hapa ndipo chama kinapoishi au kufa. Kikao kiwe na vitu viwili: somo la mfano, na kazi ya mikono.

Somo la mfano ni mwalimu mmoja kufundisha watoto halisi, wanane au kumi, kwa dakika 20, wengine wakitazama. Watoto halisi, nasisitiza. Walimu wazima wakijifanya watoto wa darasa la kwanza huishia vicheko, na hakuna mtu mzima anayeweza kuigiza kutojua "nga". Baada ya watoto kwenda zao, mazungumzo yana kanuni moja: kila anayesema aanze na mtoto. "Yule binti wa pembeni alisoma 'ndizi' kwa kuangalia midomo ya mwenzake." Si "mwalimu hukutumia zana". Mkianza kumkosoa mwalimu, mwezi ujao hamtapata wa kujitolea. Mkimjadili mtoto, mwalimu mwenyewe atajiona bila kuambiwa.

Kwenye kazi ya mikono, njooni na makasha ya sabuni au ya maji yaliyokwisha, mkasi, gundi, manila na makapeni. Tengenezeni kadi za silabi za kutosha kila kundi la watoto sita kushika seti yake. Vizibo vya soda navyo vinafaa sana. Andika irabu kwa rangi moja na konsonanti kwa nyingine, mtoto aviunganishe mwenyewe chini sakafuni. Seti moja ya vizibo imedumu kwetu miaka mitatu, wakati kadi za manila huisha muhula mmoja. Gundi hupotea kila kikao, na sijawahi kumjua anayeichukua.

Kisha vitabu. Adui mkubwa wa kusoma katika shule nyingi ni kabati lenye kufuli. Vitabu vya hadithi vipo humo, vipya, vinanukia wino, na havitoki kwa sababu kikipotea kimoja kuna mtu atadaiwa. Msimlaumu mwalimu mkuu, maana hofu yake ina sababu. Iombeni kamati ya shule ikubali kwa maandishi kwamba kwa mwaka vitabu kadhaa, tuseme kumi katika mia, vinaweza kuchakaa au kupotea bila mtu kulipishwa. Muhtasari huo ukishagongwa muhuri, kabati hufunguka. Baada ya hapo wekeni vitabu 30 kwenye boksi linalohama shule hadi shule kila mwezi, likiwa na daftari lake la kuazima.

Msipokuwa na vitabu kabisa, anzieni simuni. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vinavyosomwa bure. Mradi wa African Storybook una hadithi fupi za Kiswahili zenye leseni huria, unazoruhusiwa kuzichapa. Walimu wengi walikabidhiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Kimoja kati ya hivyo, kikiwa na chaji, kinatosha kuwasomea watoto hadithi huku mwalimu akiandika maneno magumu ubaoni. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, nao ni mlango wa kubisha.

Kuna wanachama watakaopendekeza madarasa ya Jumamosi kwa wanaochelewa. Ni wazo zuri likifanyika bila mzazi kudaiwa hata senti. Siku mtakapokusanya shilingi mia tano kwa kila mtoto mtakuwa mmeanzisha tuisheni, na yote mliyoyajenga kwa mwaka mzima yatasimuliwa kama biashara.

Hatua ya 5: Utetezi, yaani kuomba kitu kimoja kwa mtu sahihi

Walimu tunalalamika vizuri kuliko tunavyoomba. Tunaingia ofisini na orodha ya mambo 14, tunatoka na ahadi ya "tutalifanyia kazi". Chagueni ombi moja kwa muhula, kisha mjue ni la nani.

Nani afundishe darasa la kwanza, hilo ni la mwalimu mkuu. Manila, makapeni na chaki ni la mwalimu mkuu na kamati ya shule, kutoka kwenye ruzuku. Darasa la ziada na madawati hupita serikali ya kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Mgawanyo wa walimu kati ya shule na shule uko halmashauri, kwa Afisa Elimu Msingi na Mkurugenzi. Ajira mpya ziko juu zaidi, na kata haina ubavu wa kuzileta. Ukimwomba diwani ajira utampa nafasi ya kukubaliana nawe kwa moyo wote, kisha asifanye lolote.

Anzeni na ombi lisilo na gharama. Letu la kwanza lilikuwa hili: mwalimu aliyezoea darasa la kwanza asibadilishwe kabla ya miaka mitatu, na asiwekwe pale mgeni wa kazi peke yake. Shule nyingi hupeleka mikono iliyokomaa darasa la saba, kwa sababu matokeo ya darasa la saba ndiyo yanayobandikwa ukutani. Walimu wakuu wawili walikubali, mmoja akakataa. Tuliendelea na wawili.

Ombi la pili liwe na bei ndogo. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ya shule za msingi ilipangwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zije shuleni na 4,000 ziende kwenye vitabu. Shule ya watoto 800, kwa hesabu hiyo ya 6,000, ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Ukiomba 40,000 kwa ajili ya zana za madarasa mawili ya chini umeomba sehemu ya kumi, na kamati inaweza kuifikiria bila kukunja uso. Njoo na orodha ya bei kutoka duka la pale pale sokoni. "Tunahitaji zana" haina bei, na kisicho na bei hakiingizwi kwenye muhtasari.

Kwa ombi kubwa, la darasa au mwalimu, tumieni saa ya ukutani. Tulimwalika diwani wetu darasa la kwanza lenye watoto 120, tukamwomba jambo moja: "Mheshimiwa, tunaomba usikilize kila mtoto akisoma mstari mmoja. Nusu dakika kila mmoja." Alianza kwa furaha, akawasifu, akawapa mikono. Alipofika mtoto wa kumi na tisa jasho lilikuwa linamtoka. Nusu dakika ilikuwa dakika na zaidi, maana huyu kasahau penseli, yule anataka kwenda chooni, na nyuma wawili wanapigania ufutio. Kengele ililia akiwa kwenye mstari wa tatu wa madawati. Mwalimu akamwambia kwa adabu kwamba hata kama kila mtoto angetumia nusu dakika kamili, watoto 120 ni saa nzima, na kipindi ni dakika 30. Hatukuongeza neno. Kwenye kikao cha kata yeye ndiye aliyewaeleza wenzake hesabu ile, tena kwa ukali kuliko ambavyo sisi tungethubutu.

Kamwe msimsimamishe mtoto asiyejua kusoma mbele ya wageni ili kuonyesha shida. Nimeona ikifanyika. Wageni walisikitika dakika tano, na mtoto akatoroka shule wiki mbili.

Kalenda nayo inaua maombi mazuri. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mapendekezo ya vijiji na kata huanza kukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Ombi la Mei limechelewa. Pimeni watoto Septemba, andikeni ukurasa mmoja Oktoba, mfikishe kabla vikao vya kata havijaanza. Ukurasa mmoja tu: namba yenu, ombi, bei, sahihi.

Na kwa kuwa ninyi ni watumishi wa umma, piteni ngazi kwa ngazi. Barua ya halmashauri ipite kwa mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata, nakala kwa Mthibiti Ubora wa Shule. Msiende redioni na namba bila kibali, na kwenye karatasi zenu shule ziwe A, B na C. Mwalimu mkuu akishaona shule yake imetajwa kwa aibu, mlango wake hauwafungukii tena.

Hatua ya 6: Wazazi

Wazazi wengi huamini kwamba asiyejua kusoma hawezi kumsaidia mtoto kusoma. Waambieni kwamba kazi ya mzazi ni kusikiliza. Mtoto asome jioni, dakika kumi, huku mama akipepeta mchele au baba akishona nyavu. Akisitasita, aambiwe arudie. Akimaliza, aulizwe: "Enhe, ikawaje?" Swali hilo ni zoezi kamili la ufahamu, na bibi yeyote analiuliza kwa ustadi kuliko mimi.

Pwani, msimsahau mwalimu wa madrasa. Watoto wetu wengi huanza kuunganisha herufi na sauti chuoni, kwa herufi za Kiarabu, kabla hawajaiona "a e i o u". Ana watoto walewale, saa nyingine, na wazazi humsikiliza. Mkaribisheni kikao kimoja. Makanisani nako, tangazo la dakika moja baada ya ibada lilituletea wazazi wengi kuliko barua zilizotumwa kwenye mifuko ya watoto.

Fedha, sherehe na mengine madogo

Ada iwe ndogo, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mfano, na mweka hazina asome hesabu kwa sauti kila kikao. Akaunti iwe na watia sahihi watatu. Mradi ukija na posho, pokeeni mafunzo, lakini kikao cha kila mwezi kibaki bila posho. Miradi ya kusoma imekuja na kuondoka nchi hii, na vikundi vilivyozoea bahasha huondoka nayo.

Septemba 8 ni Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1966. Itumieni, lakini msitumie ada ya mwaka kwenye keki na fulana. Watoto wasome hadithi walizotunga wenyewe, wazazi wakae kwenye madawati ya watoto, na diwani apewe ule ukurasa mmoja.

Hatua ya 7: Pimeni tena, na jiandaeni kwa uhamisho

Mwaka ukiisha, rudieni upimaji kwa namna ileile: rejesta, kila jina la tano, kifungu kipya chenye urefu uleule. Asiyefundisha darasa lile ndiye apime, la sivyo kila mtu atajipa vema. Namba ikishuka, iandikeni hivyohivyo. Sisi mwaka wa pili shule moja ilishuka, na tulipofuatilia tukakuta mwalimu alikuwa likizo ya uzazi miezi mitatu bila mtu wa kumshikia darasa. Hilo likawa ombi letu la muhula uliofuata.

Katibu au mwenyekiti atahamishwa, ni suala la muda tu. Wekeni boksi moja la chama, lisilolala nyumbani kwa mtu: daftari la mihtasari, karatasi za upimaji za kila mwaka, nakala za barua zilizojibiwa na zisizojibiwa, seti moja ya vizibo. Juu kabisa liwe na karatasi ya anayerithi, inayomwambia kikao kijacho ni Ijumaa ipi, shule gani, na nani ana gundi.